Risiti ya Shangazi Aune

Tarehe mosi, kabla katapila halijazoa theluji barabarani,
shangazi Aune anabisha hodi kwangu,
yeye aliyezoea kuingia moja kwa moja
na kufunua masufuria.
Sasa anasimama kwenye mkeka wa viatu,
koti limefungwa mpaka kidevuni,
bahasha mkononi: dola mia sita na hamsini,
noti zimenyooka mno. Nadhani huzipiga pasi.

"Risiti," anasema.

Mwezi wa kwanza nilimjibu, Shangazi,
risiti ya nini, kwani sisi si damu moja?
Akaketi kwenye ngazi, na koti lake vilevile,
akangoja kama mtu aliye kituo cha basi
mpaka nikapata karatasi.

Ilikuwa benki, au mimi.
Urho alikufa akaacha bili tatu za hospitali,
paa lenye matundu, na mashine ya kuzolea theluji
iliyokufa wiki moja kabla yake.
Tulipanda kwa wakili, juu ya duka la kinyozi, Duluth,
ziwa limeganda dirishani, jeupe, halina la kusema.
Shangazi akatia saini mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili kalamu ikakauka.
Wakili akacheka peke yake,
akampa nyingine.

Tangu hapo mimi ni mwenye nyumba,
nyumba ambayo swichi ya taa ya ghala lake la chini
sijui iko wapi.
Yeye ni mpangaji.
Na kweli, amepanga: vikombe, vishikio vyote vikitazama dirisha;
kuni, nyembamba juu, nene chini;
viatu vya Urho mlangoni, ncha zikielekea nje.
Miaka arobaini na minne anapanga.
Mimi nimepangisha tu.

Manispaa inanidai kodi, nami namdai kodi.
Neno moja, linanipitia kama maji kwenye bomba.
Mke wangu Darlene amepiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
hatubaki na kitu. Paa peke yake ni elfu kumi na moja.
"Usimwambie," nikasema.
"Anajua," akasema Darlene. "Unadhani anapiga pasi kwa nini?"

Novemba alipiga simu kuomba ruhusa.
Msumari mmoja. Inchi mbili. Wa kalenda, jikoni,
kwenye ukuta ambao Urho aliupiga randa ubao kwa ubao
mwaka niliozaliwa.
Nilikosa neno. Akadhani nakataa.
"Basi nitaiegemeza tu," akasema, akakata.

Nikaendesha gari, nyundo kitini pembeni yangu.
"Hapo. Si hapo. Kushoto."
Msumari ukapinda. Akaninyang'anya nyundo,
mapigo mawili, kalenda ikaning'inia.
"Sasa utapandisha kodi?"
Katika ukoo wetu mzaha haupigiwi mbiu.
Mpaka leo sijui.

Risiti huziweka kwenye kopo la kahawa,
lilelile ilimokuwa ikilala hati.
Safari moja, penye nafasi ya kutaja malipo ni ya nini,
niliandika: nyumba yako.
Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena,
akachukua kalamu yangu, akakata neno moja
taratibu, kwa mstari ulionyooka.
Hakuandika jingine juu yake.

Leo naandika nyumba, natia nukta.
Anaikunja mara nne, anafungua mlango, baridi inaingia.
"Bomba la jikoni linavuja," anasema.
"Mwambie mwenye nyumba."

Natafuta spana. Nakumbuka iko kwake,
ghala la chini, imepangwa na wenzake kwa ukubwa,
na taa sijui inawashiwa wapi.