Panya wa Arobaini na Moja

Saa tisa usiku, Tartu. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Leelo Kuusik anahesabu seli,
kidole kwenye kitufe, chai imepoa tangu jana.

Uvimbe una adabu, aliwahi kuandika pembeni:
askari wa damu wakipiga hodi
huitikia kwa lafudhi ya nyumbani,
nao huenda zao, wameridhika.

Miaka sita anaitafuta herufi moja ya jeni
inayoufundisha uongo ule.

Leo panya wa arobaini na moja ameamka, amekula.
Uvimbe umenywea, mdogo kuliko punje ya mtama.
Wa arobaini na mbili, dawa ileile, amekufa.

Leelo anaandika yote mawili
kwa wino uleule,
kisha anavaa glavu mpya.