Moto Juu, Moto Chini

Jumamosi, Tukuyu. Mvua imeamka kabla ya jogoo
na haina haraka ya kwenda popote.
Nguo za mtoto zina siku ya tatu kambani, humu ndani, juu ya jiko;
zinanuka moshi badala ya sabuni.
Siku kama hii mtu huoka pai
au hugombana na mumewe.
Nimechagua pai.

Kokoa ilipanda mlima ndani ya mfuko wa koti la baba,
kutoka Ipinda, imefungwa kwenye gazeti la mwaka jana.
"Hizi karani alizitenga kando ya mzani," alisema,
"nikaona haya kuziacha peke yake."
Nimezikaanga kwenye kikaango cha chapati
mpaka zikaanza kualika, ta, ta-ta,
nikadhani mvua imehamia jikoni.
Nikapepeta maganda mlangoni, upepo ukayachukua,
na Mama Lugano akapaza sauti ng'ambo ya ua:
"Unakaanga kahawa?"
Siyo kahawa, jirani. Subiri.

Kisha kinu.
Kokoa haisagiki kama karanga.
Kwanza inakuwa vumbi,
halafu inakaidi,
halafu, bila hodi, inageuka tope,
tope jeusi linalong'aa,
linalong'ang'ania mchi kama deni.
Tusajigwe akachovya kidole, akakunja uso wote:
"Mama, chungu!"
Ndiyo, mwanangu. Hivyo ndivyo ilivyo
kabla haijasafiri.

Sukari, basi, na usiulize kiasi.
Mayai manne ya kuku wetu, moja lina kinyesi, lioshe.
Maziwa ya jana yenye utando.
Nazi niliikuna mwenyewe, nimekalia mbuzi,
na damu kidogo ya kidole gumba, hilo tusilitaje mezani.
Karanga nikazitwanga nusu nusu, ziwe na la kusema mdomoni.
Makadamia nikayapasua kwa jiwe kizingitini;
moja likaruka chini ya kabati
na mpaka sasa lipo huko.

Oveni sina.
Nina sufuria la msiba, lenye mchanga,
na dogo ndani yake, na sinia la kufunika,
na makaa juu, na makaa chini,
na subira katikati, iliyo haba.
Mara mbili nilifunua kuchungulia.
Mara mbili majivu yakaingia.
Ukingo mmoja ukapasuka kama kisigino cha kiangazi,
na harufu ikatoka, ikamkuta baba kibarazani,
kofia magotini, akisikiliza bati.

Miaka arobaini na mitatu anavuna kokoa,
na utamu wake anaujua mmoja tu:
ule ute mweupe unaoizunguka mbegu,
unaofyonzwa shambani huku mikono ikiendelea na kazi,
mbegu ikitemwa kwenye ndoo.
Yaliyofuata baada ya ndoo yalikuwa ya wengine.

Nikamkatia kipande. Akakinusa kwanza, upande huu, upande ule.
Akatafuna polepole kama shahidi anayeapishwa.
Tukangoja aseme ni tamu.
Tusajigwe alikuwa amesimama kwa kidole kimoja cha mguu.

"Hizi," alisema baba, "hazikuchachuka vizuri.
Siku ya nne mvua ilipiga, majani ya mgomba yakafunuka,
nami nilikuwa na homa.
Nilimwambia Ambakisye azifunike. Hakuzifunika."
Akatafuna tena.
"Karani alikuwa na haki."

Kimya.
Mvua ikasema yake.
Kisha akasukuma sahani mbele:
"Ndaga, mwanangu. Niongeze. Pale chini, palipoungua.
Na kingine nifungie kwenye jani, nitaondoka nacho Jumatatu."

Cha mama?

"Mama yako nitamfundisha kuoka.
Hicho ni cha karani wa mzani.
Miaka yote hii ananipimia.
Naye ale, nimwangalie usoni."