Sekunde Arobaini na Moja

Ugnė amepata sitini na moja.
Akili unde ndiyo iliyosahihisha,
na chini ya alama imepanga sababu
kama risiti ya duka la dawa:
hakunawa mikono kabla ya kugusa shuka;
jina la mgonjwa alilitaja mara moja tu;
alinyamaza sekunde arobaini na moja
baada ya kutoa habari mbaya.
Huruma: hafifu.

Amekata rufaa. Ndiyo maana niko hapa,
ghorofa ya tatu, Kaunas, Februari,
kipasha joto kinanguruma kama tumbo la mwenye njaa
na theluji imeziba nusu ya kioo.
Chuo kinataka uamuzi wangu kabla ya saa kumi.
Kisanduku cha maoni kinapokea herufi mia tatu.

Naicheza rekodi.
Mgonjwa ni Bwana Albinas, miaka sabini na miwili,
seremala mstaafu, mjane, ini limekwisha.
Hajawahi kuzaliwa.
Tangu Septemba ameambiwa mara mia na nne kwamba atakufa,
na kila mara husikia kwa mara ya kwanza.
Ugnė anavuta kiti. Anasema neno lenyewe,
halizungushi, halipaki asali.
Kisha kimya.
Mikono yake, ile ya kuchorwa, imetulia magotini.

Nilimwita. Alikuja koti limelowa mabegani.
"Kwa nini ulinyamaza?"
"Alikuwa anatazama dirishani, mwalimu.
Nilingoja amalize."
Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.
"Ugnė, yule hana macho."
"Najua," akasema. "Lakini alikuwa anatazama."

Alipoondoka nikavaa miwani,
hii ninayoisimamia muhula wa tatu sasa
bila kuivaa hata siku moja,
mpishi asiyeonja.

Kitanda. Dripu. Shuka lenye mkunjo uleule kila upande.
Na kweli, dirisha.
Fundi fulani, sijui kama alilipwa
au alijitolea tu usiku mmoja usingizi ulipomkataa,
ameweka nje uzio wa mbao uliopakwa rangi nusu,
na ndoo imeachwa palepale.
Theluji inaanguka, haifiki chini.

Nikampa Bwana Albinas habari zake.
Akageuza uso, akautazama ule uzio.
Nami nikautazama,
na maneno yote ninayofundisha Jumanne na Alhamisi
yakanikauka kooni.

Mwaka wa themanini na tisa, wodi ya wanaume,
nilimwambia mtu wa nyama na damu
nikiwa nimesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.
Nilisema mengi. Nilisema vizuri.
Mpaka leo sijui kama chumba kile kilikuwa na dirisha.
Hakuna aliyenipa alama.

Sauti laini sikioni:
Je, unahitaji msaada ili kuendelea?
Nikavua. Nywele zimelowa jasho.
Kwenye skrini, hamsini na nne.
Mimi pia sikunawa mikono.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
mimi ningemtazama Ugnė usoni tu,
mikono isingenipitia hata akilini,
na mikono michafu imeua wengi
kuliko maneno machache.
Kwa hiyo siitukani.
Ila inahesabu kimya kama mwenye nyumba
anayehesabu siku za kodi,
na sijui nani aliifundisha hivyo.
Pengine sisi. Pengine mitihani yangu ya zamani,
ile niliyoisahihisha usiku, kwa haraka,
nikikata maksi kila palipokuwa patupu.

Saa tisa na dakika hamsini.
Naandika, nafuta, naandika:
Mikono: adhabu ibaki.
Kimya: alimngoja mgonjwa.
Muulizeni aliyechora uzio.

Zaidi ya herufi mia mbili zimebaki.
Nimeziacha wazi.
Nikabonyeza tuma,
kisha nikaenda kunawa mikono.