Msumari

Picha ya mkuu mpya imefika leo kwa posta,
ukingo umekunjika, fremu haina.
LaRue ameitundika pale pale, kwenye msumari
uliombeba yule wa Machi, na yule wa kabla yake
aliyekaa siku arobaini na moja,
jina lake halijazoea ulimi tukaambiwa kaondoka.
Huyu naye ni kaimu. Tai yake ya buluu.
Mwajiriwa wa kudumu ni msumari.

Mimi hufungua bahasha. Zamu ya usiku, meza ya tisa,
hapa Ogden, chini ya milima ya theluji
ninayoiona tu nikitoka kuvuta pumzi.
Barua zimejaa ghala, zikajaa korido,
sasa zimeingia mkahawani:
tunakunywa supu kati ya mapato ya Nevada
na madeni ya Idaho.
Meza arobaini, watu kumi na mmoja.
Kwingine kuna viti vitupu, na sweta moja
ya mtu aliyesema atarudi Jumatatu.

Kule mji mkuu wanatupigia kura.
Anayepanda jukwaani akaapa kutukata mkono
hushangiliwa, akishashuka humtuma msaidizi wake
apige simu: mbona marejesho ya mpiga kura wangu
yamechelewa?
Wametunyima kibatari,
wanatuuliza mbona tumekaa gizani.
Fedha ya nchi nzima inapita kwenye vidole hivi,
na wino wa muhuri nanunua mwenyewe,
dola nne na senti. Risiti nimeipoteza.
Nisamehe, mkaguzi.

Delwin alistaafu Ijumaa. Tulikata keki ya karoti.
Miaka thelathini na sita aliilea mashine ya ghorofa ya chini,
iliyofunzwa kusema kabla mimi sijazaliwa,
kwa lugha ambayo leo hakuna chuo kinachoisomesha.
Alijua ikikohoa mara mbili ni joto,
mara tatu ni Aprili.
Tuliomba nafasi yake itangazwe.
Jibu: ajira zimesitishwa.
Basi ameacha kikaratasi juu ya kifuniko,
kwa mwandiko wake wa kulala upande:
Msimzime. Hataamka.

Bahasha hii imetoka kwa mama mfuga kondoo.
Hundi ya dola kumi na tisa, na maneno ya penseli:
Najua ni kidogo. Barabara yetu ina shimo
mbele ya shule. Tafadhali.
Fomu haina kisanduku cha shimo.
Nimeigonga muhuri, kwa wino wangu,
nikainua macho kwa kaimu.
Ananitazama kwa upole
wa mgeni aliyeketi bila kuvua koti.

Saa kumi na moja alfajiri. LaRue kasikia redioni
kwamba bajeti imekwama tena;
tufanye kazi, tutalipwa baadaye.
Hiyo baadaye nayo itakatwa kodi,
na fomu yangu itakuja hapa hapa,
ingoje mkahawani.

Nafungua nyingine.