Kisanduku cha Mwisho

Zahanati ya Belgrave, Leicester. Rasharasha dirishani.
Fomu yataka asili yangu:
"Nyingine. Taja."

Nikaandika Mswahili,
kisha kalamu ikasita.

Maana Lamu babu alilikana neno hilo;
alitaja ukoo wake, na wa mamake, basi.
Korogwe, nikivutana na muuza nyanya,
mama alinifinya: "Acha Uswahili wako!"
Dukani kwa Popatlal
alikuwa Mswahili kila mweusi aliyekuja kukopa.
Nairobi walipoulizia, walikuwa wanauliza msikiti.
Na Manzese, uswahilini,
ni kuujua ugomvi wa jirani toka mwanzo,
na kesho yake kumwazima chumvi
kama hukusikia kitu.

Nikafuta. Nikaandika tena.

Karani, Bi Pushpa, akashusha miwani.
"Mswahili?" Akacheka mpaka kikohozi.
"Mama yangu kazaliwa Mwanza.
Tukichelewa mezani, sisi wanawe,
alifoka: Waswahili wakubwa nyie!"

Akagonga muhuri.
"Daktari atakuona saa tatu."

"Ya Kizungu," nikauliza, "au ya Kiswahili?"

Akaigeukia saa ya ukutani,
akaitazama muda mrefu,
midomo ikihesabu.