Dira Inatuona Baharini

Walioiunda walinawa mikono mwaka wa tatu:
hakuna sasisho tena, hakuna kiraka,
nunua mpya.
Mpya ya nini, akasema shangazi Raya. Hii inaita, inapokea,
na alama ya jino la Thureya ipo palepale ukingoni,
tangu alipokuwa akiota meno.

Betri ilikuwa imefura kama kitumbua.
Aliisahau garini Ijumaa moja ya Juni
nje ya msikiti wa Mabela,
jua likaiumua bila hamira.

Basi baada ya isha nikapanda nayo chumba cha juu,
mimi, mkaguzi wa mita za maji mchana,
usiku tabibu asiye na cheti.
Kikausha nywele cha mke wangu, ili gundi ilegee.
Kadi ya benki iliyokwisha muda, ndiyo kisu changu.
Skrubu nazipanga kwenye kifuniko cha halua
kwa zamu zilivyotoka,
maana ile ndefu ukiitia pa fupi
unatoboa ubongo.

Betri nyingine niliipata Ruwi, kwa Kunjumon, riyali nne.
Akaapa ni ya asili.
Tukacheka sote wawili.

Mfumo mpya unatoka Nizwa.
Ghaya, sijapata kumwona, mwanafunzi wa famasia,
ndiye aliyebaki kuishughulikia aina hii ya simu.
Husuka usiku, hutuma alfajiri, na chini huandika:
Sauti, tayari. Tochi, tayari.
Kamera hupiga picha kichwa chini miguu juu.
Dira bado, inatuona baharini. Mnisamehe.

Kisha lile onyo, kwa maandishi mekundu:
ukifungua kufuli hili, kila kilichomo kitafutika.
Nikashuka ngazi kumwuliza.
Picha nimezihamisha, nikamwambia, na namba, na sauti za wajukuu.
Ila orodha ya waliokupigia usiwapokee,
hiyo haihamishiki.
Akaivuta orodha kwa kidole, chini, chini zaidi.
Nyingi za Muhanna, Abu Dhabi, saa za magharibi
mtu akiwa kwenye mswala.
"Futa," akasema.
"Niliyemkosa nimemkosa."

Saa saba za usiku. Nembo inazunguka, inazunguka,
kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.
Kiyoyozi kikakohoa.
Nikachomoa waya, nikachomeka.
Ikafa.
Nikabana vitufe viwili kwa pumzi moja
kama unavyombana mtoto pua anywe dawa,
nikasema bismillahi ambayo haimo kwenye maelekezo.

Ikazinduka. Na ikazinduka kwa Kiswahili!
Kumbe Ghaya naye bibi yake ni wa Wete,
kaitia lugha humo bila kumwambia mtu.

Asubuhi shangazi akavaa miwani.
Miaka tisa alikuwa akibonyeza Kiarabu cha simu kwa kukariri mahali,
kama anayepapasa swichi gizani.
"Mipangilio," akasoma. "Ndiyo nini? Si waseme matengenezo?"
"Puuza arifa. Nani huyu mkali?"
"Anzisha upya."
Akanyamaza kidogo.
"Hili wamelipatia."

Akafungua ramani.
Kidoti cha buluu kikatuweka majini, kusini ya Masira,
pasipo kisiwa wala mwamba,
sisi na sebule yetu na dele la kahawa
na viatu vya wageni mlangoni.
Ghaya atairekebisha wiki ijayo, nikasema haraka.
Akakibana kidoti kwa vidole viwili, akaisogeza dunia mbali,
mpaka Maskati ikaonekana juu na Unguja chini.
Akaangalia.

"Mwambie asiharakishe," akasema,
akaitia chaji.
Asilimia kumi na nne.