Ziwa Chini ya Kidole

Tulitoka Kadutu kengele ya misa ya kwanza haijalia,
Ngoie na kamera shingoni kama mtoto aliyekataa kushuka,
mimi na mkate, parachichi mbili, chumvi kwenye karatasi.
Alifika juzi kutoka Lubumbashi,
vumbi jekundu bado liko kwenye mishono ya viatu.
Kwao, alisema, mlima ni mmoja tu,
mweusi, wa makapi ya shaba,
"na huo tuliupika wenyewe."

Nikamwahidi ziwa.
Ukifika juu ya Kahuzi, nilisema, utaliona lote,
Idjwi imelala katikati kama mamba aliyeshiba,
na Bukavu imetumbukiza vidole vyake majini.
Niliahidi kama mtu anayeahidi mali yake.

Pale Miti jua lilikuwa kali.
Mama mmoja alianika mihogo kando ya barabara;
Ngoie akapiga picha ya kwanza, si ya mama, ya anga juu yake,
buluu tupu, "ya kuanzia hesabu."
Tshivanga, mlinzi Cirhuza alitazama juu,
akanusa kama anayekisia mchuzi wa jirani,
akasema, "Leo mlima una wageni wengine."

Ndani ya mianzi mvua ilitupata.
Haikunyesha. Ilisimama tu kati ya mashina,
ikangoja tupite ndani yake.
Picha ya sita. Ya saba. Lenzi inalia,
naifuta kwa pindo la kitenge, inalia tena.
Kisha mwanga, ghafla, kama mtu amefungua mlango wa jikoni,
na kila jani la mwanzi likawa na taa yake ndogo,
na Ngoie anahangaika na kifuniko,
kifuniko kinagoma,
mlango ukafungwa.

"Umeona?"
"Nimeona."
"Basi imepigwa," akasema, na hakucheka.

Juu kabisa hapakuwa na kitu.
Sisemi hapakuwa na kitu kizuri. Hapakuwa na kitu.
Weupe mbele, weupe chini ya viatu,
upepo unausokota, unaufumua, haupendi, unaanza upya.
Mvua ya mawe ikaja, dakika tatu, punje za maharage;
Cirhuza akaivulia bunduki koti lake
akabaki yeye kichwa wazi.
Nami, kwa aibu ya mwenyeji ambaye chungu kimemuungulia mgeni yuko mezani,
nikanyoosha mkono:
"Pale, Ngoie. Idjwi iko pale.
Ukiondoa hili, na hili, iko pale."
Nikasikia kamera ikimeza.

Usiku umeme ulikatika.
Tukabanana mbele ya kioo kidogo cha kamera,
mama, dada yangu Nabintu, mtoto wa jirani asiyependa kulala.
Picha arobaini na tatu.
Nyeupe. Nyeupe kama uji. Nyeupe kama ukuta wa zahanati.
Nyeupe yenye kovu la buluu.
Moja ya kijivu, mawe ya mvua yameichora mistari
kama mwanafunzi aliyefuta jibu akatoboa daftari.
Nabintu alisinzia kwenye ya ishirini.
Kisha mkono wangu, umelowa mpaka kiwiko,
kidole kimenyooka kama cha mwalimu,
na mbele yake hamna chochote.

"Ziwa liko wapi?" mama akauliza.
Ngoie akamsogezea kioo karibu na macho:
"Chini ya kidole, mama.
Mtoto wako amelikandamiza lisipeperuke."
Mama akacheka hadi akatafuta pa kushika.

Jumatano nilimsindikiza Kavumu.
Asubuhi hiyo, bila haya hata kidogo,
Kahuzi ulisimama wazi kutoka kiunoni hadi utosini,
hauna hata wingu la kujifutia jasho.
Kamera ilikuwa ndani ya sanduku,
sanduku limeshapimwa, limeshakwenda.
Tukatazama tu, mikono mifukoni.

Jioni ukaingia ujumbe:
Nimefika. Walinikalisha upande wa mlima.
Ziwa wameliona wa upande wa pili.
Wanasema lipo.